Glasi Iliyofunikwa Kisahani

Machi 6

Leo mvua ya kwanza imenyesha, na mume wangu amekunywa chai ya maziwa yaliyochacha mpaka tone la mwisho, kisha akasema ahsante.

Mimi yangu nilikuwa nimeshaimwaga. Nikamtazama. Huyu ni mtu ambaye akila maharage hukwambia yaliungua upande gani wa sufuria. Nikakata kipande cha kitunguu, nikamwambia afumbe macho na afungue mdomo. Akatafuna. Machozi yalimtiririka, lakini nilipomuuliza anakula nini, alifikiri kidogo akajibu, "Tufaha." Kisha akafumbua macho, akakiona kitunguu mkononi mwangu.

Ndipo akaniambia. Tangu yale mafua yaliyomlaza mwezi uliopita, pua yake haishiki harufu na ulimi wake hauonji. Chumvi ni mchanga, sukari ni mchanga. Daktari amesema huenda vikarudi, huenda visirudi. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kula bila raha tu. Mume wangu ni mchanganyaji wa kokteli. Amesimama nyuma ya kaunta ya hoteli moja miaka thelathini na ushee, na wateja humwita Kijiko, kwa sababu ya kile kijiko kirefu cha kukorogea anachokichomeka mfukoni mwa shati kama daktari na kalamu yake.

Hoteli imeifunga baa kwa ukarabati, masika yote. Siku ya kufungua, meneja mpya ataonja kinywaji cha kila mchanganyaji, ndipo aamue nani awe mkuu wa kaunta. "Akigundua," mume wangu alisema, "nimekwisha, mama."

Machi 7

Amekuja na mpango. Kila siku atatengeneza kinywaji kimoja kati ya vyote alivyowahi kuvibuni, mimi nionje, nimwambie kimekaaje. Nimemkumbusha kwamba sijawahi kunywa pombe maishani mwangu, wala kuikanyaga ile baa yake hata mara moja. Akasema ndiyo maana, ulimi wangu ni mpya. Ati nitatema kwenye bakuli.

Nimekubali. Nitakuwa naandika hapa, kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja wangu, maana mtu anayeonja pombe anaweza kusahau alichosema.

Machi 8

Amefungua sanduku lake juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Kopo la kutikisia, chujio, vikombe vya kupimia, kile kijiko. Chupa kazitoa kabatini, nyuma ya makoti. Mimi nilidhani nyuma ya makoti kuna makoti mengine.

Cha kwanza kinaitwa Mhasibu. Nimeonja, nimetema.

"Je?"

"Kibaya."

"Kibaya si neno. Kibaya vipi?"

Nikakaa nikafikiri. Mimi ni fundi cherehani. Maneno niliyonayo ni ya nguo. "Kimebana kwapani," nikasema.

Akanikodolea macho, kisha akapunguza ndimu. Nikaonja tena. "Sasa mabega yamekaa. Lakini kola inakwaruza shingo." Akaongeza barafu na maji. Mara ya tatu nikamwambia pindo limefumuka, yaani ukishameza huachiwi kitu mdomoni. Akakamulia mafuta ya ganda la chungwa juu yake, nikasema haya, mteja anaweza kutoka nacho akaenda harusini. Alicheka mpaka akashika meza. Sikumbuki mara ya mwisho nimemchekesha hivyo mchana.

Nilitaka kuondoka, akanizuia. Ana sheria yake, kinywaji hakivuki kaunta bila hadithi. Hata kama kaunta ni meza ya fundi. Basi akasimulia. Alikuja mkaguzi wa mahesabu, akawa anakaa kaunta kila jioni na kumkazia macho kila anapopima. Kijiko akambunia kinywaji ambacho kila kitu ndani yake kina kipimo sawasawa. Yule bwana akakinywa siku zote bila neno, na jioni ya kuondoka akasogeza glasi akanong'ona, "Ongeza kidogo." Akaongezwa. Mume wangu anasema hicho kidogo ndicho kilichokikamilisha, na tangu hapo hakijatolewa tena bila hicho kidogo.

Machi 9

Umeme Umekatika. Kimelegea kiunoni, tumekikaza kwa tangawizi. Hadithi yake ni usiku ambao taa zilizimika hoteli nzima na yeye akaendelea kuhudumia gizani, chupa akizitambua kwa kuzinusa. Alipofika kwenye neno kunusa, akaacha kusimulia, akaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Machi 11

Mvua tangu alfajiri. Paa limevuja juu ya vitambaa. Hakuna kokteli.

Machi 13

Leo nimemeza.

Si kosa langu. Kinaitwa Machozi ya Bwana Harusi, na kina pilipili. Hadithi ilikuja kwanza, akanipata. Bwana harusi mmoja, bibi harusi akabadili nia asubuhi ya siku yenyewe, wageni wameshaanza kula ukumbini. Bwana harusi kaja kaunta na suti yake na ua kifuani, akasema, "Nipe kitu cha kunywa mbele ya mama yangu, asijue kama nalia." Mume wangu akasaga pilipili akaitia ndani. Kisha akafanya jambo lingine, akatengeneza vingi, akavipeleka ukumbini kwa kila meza. Wageni wote wakalia. Mama mtu akalia, mashangazi wakalia, mpiga picha akalia. Bwana harusi akakaa katikati yao akalia anavyotaka, na hakuna aliyemtazama.

Niliposikia hivyo nilikunywa glasi nzima kwa heshima ya yule kijana. Kisha nikarudi kwenye cherehani kumalizia blauzi ya mwalimu jirani yetu, nikajiona nashona vizuri kuliko siku zote.

Machi 14

Nimeishonea blauzi ya mwalimu mikono miwili, yote ya kushoto. Nimefumua asubuhi nzima. Kijiko anapita mlangoni akiwa amepinda mkono wake wa kulia nyuma nyuma, anauliza kama fundi yupo.

Machi 19

Saa Iliyosimama. Kizuri tangu mara ya kwanza.

Machi 22

Lazima niandike jambo hili mahali fulani, na ni hapa.

Mwenzangu anaomba ulimi urudi. Mimi kuna wakati siombi. Miaka yote hii nimeolewa na mtu anayeondoka jioni watu wakirudi. Nimelea watoto wawili mezani bila yeye. Mke mwenza wangu nimemjua tangu mwanzo, ni wa mbao, ana urefu wa chumba kizima, na hupakwa nta kila Jumatatu. Nilikuwa nikimwambia hivyo kwa utani, naye akicheka, lakini utani una mzazi wake.

Sasa yuko nyumbani saa kumi na mbili. Mvua inapiga bati, ananikunjia vitambaa vibaya, ananisimulia watu ambao wamelala katika kichwa chake miaka yote bila mimi kuwajua. Nikimsaidia vizuri, atarudi kwake yule wa mbao. Nikisema uongo kidogo tu, niseme mabega yamekaa wakati hayajakaa, nitabaki naye. Nimelifikiria hilo, sijidai malaika. Leo nimeonja Bi Mkubwa wa Ghorofa ya Tatu, nikasema ukweli, kimebana.

Machi 28

Alipotaja jina la kinywaji cha leo niliweka mkasi chini. Kinaitwa Dada wa Simu.

Huyo namjua kwa jina hilo hilo. Alikuwa akiunganisha simu za hoteli zamani, enzi za waya na matundu. Mume wangu alikuwa akirudi nyumbani na salamu zake. "Dada wa simu anakusalimu." Kila wiki, dada wa simu. Nilikuwa nikiitikia kwa pua.

Kinywaji chenyewe ni cha moto, tangawizi na asali na tone la wiski. Nikaonja. Kimekaa kama kanzu ya kupimwa. Nikamuuliza, "Huyu naye ulimshonea kwa ajili gani?"

"Koo," akasema. "Alikuwa akiongea mchana kutwa. Kila saa kumi na mbili nilikuwa nikimpelekea kikombe chake. Miguu yake ilikuwa haifiki chini akikaa kwenye kiti chake, nikamtafutia kreti la soda." Akakoroga. "Wewe umeshaongea naye kuliko mimi."

"Mimi?"

"Usiku ule wa mtoto wa kwanza."

Nilikuwa nimesahau kabisa, au nilikuwa nimeukunja na kuuweka mbali. Uchungu ulinishika mvua ikinyesha kama leo. Nilijikokota hadi kwa jirani aliyekuwa na simu, nikapiga hotelini. Sauti ya mwanamke ikaniambia, "Usikate, dada. Nimeshamtuma mtu amwite. Ongea na mimi." Akaniuliza nataka mtoto nimpe jina gani, akaniuliza nguo nimeshona rangi gani, akanihesabia pumzi. Gari la hoteli lilipofika na mume wangu ndani, bado alikuwa sikioni mwangu. Siku zote nilijua kulikuwa na sauti. Sikuwahi kuiunganisha na zile salamu.

"Yuko wapi sasa?"

"Alistaafu, akahamia kwa dada yake. Habari zake zimenipotea."

Nimekunywa kikombe chote. Sikuona haja ya bakuli.

Aprili 2

Mwalimu kaja kuchukua blauzi. Kanusa hewa, kanitazama, kasema, "Siku hizi humu ndani mnacheka sana, mama." Nikamjibu ni mvua.

Aprili 5

Kaka Mkubwa. Pindo refu mno. Tumekata.

Aprili 9

Binti yetu kaja na mjukuu. Tumemwambia siri. Kamkumbatia baba yake, kisha kamnusisha kitambaa chenye karafuu, kamnusisha mafuta ya taa, kamnusisha soksi. Hakuna. "Basi, mwanangu," akasema baba yake, "hiyo soksi ingetosha."

Aprili 12

Nimegundua nimebadilika. Asubuhi hii, kabla hajaamka vizuri, nilikuwa nawaza kile cha juzi, kwamba ndimu ingeingia baada ya asali, si kabla. Nataka ashinde. Nataka yule meneja anywe anyamaze. Mtu akikuonyesha kazi yake yote namna hii, huwezi tena kumtakia mabaya, hata kama kazi hiyo ndiyo iliyokunyima yeye.

Aprili 16

Leo ilikuwa zamu ya Nahodha.

Jina hilo nimelisikia siku zote. Ndicho kinywaji kilichompa sifa. Watu hutoka mbali wakikiulizia, na ndicho atakachomtengenezea meneja. Alikuwa amekiweka mwisho kama bibi harusi. Akafuta glasi mara mbili, akaniwekea mbele, akarudi nyuma hatua moja na mikono mgongoni.

Nikaonja, nikakijua.

Ndimu. Tangawizi ya kupondwa, si ya kukunwa. Asali ya kuonekana kwa mbali. Na chembe ya chumvi, ile chembe ambayo huioni lakini ikikosekana kila kitu kinakuwa maji. Ramu ilikuwa juu kama koti tu. Chini ya koti lilikuwa gauni langu.

Tulipooana alikuwa akirudi koo limejaa moshi wa sigara za watu. Mama yangu alikuwa akimtengenezea baba yangu hivyo hivyo alipotoka kazini kwenye vumbi. Basi nami nikawa namwachia glasi mezani, karibu na taa, nimeifunika kwa kisahani mdudu asiingie. Kila usiku. Sikuwahi kumweleza, naye hakuwahi kuuliza. Nilikuwa nikijilaza, na nilipoisikia glasi ikirudishwa kwenye kisahani ndipo nilipolala kweli.

"Hadithi yake?" nikamuuliza.

Akanyooka. Sauti yake ikashuka, macho yake yakaenda mbali, nikaona kwa nini watu wanamfuata. Alikuwepo nahodha wa meli ya mizigo, akasema, mwenye kidole kimoja kilichopinda. Meli iliharibika injini, akakaa hotelini msimu mzima wa mvua, hanywi kitu. Siku moja akaja nyuma ya kaunta, akasema, "Nipishe, kijana," akatengeneza kinywaji hiki kwa mkono wake, akasema amefundishwa na bahari. Akaondoka na hakurudi tena. Na kadhalika na kadhalika. Alisimulia vizuri sana.

"Kimekaaje?" akauliza.

"Hakihitaji kitu," nikasema, nikarudi kwenye cherehani. Nimeshona mshono mzima, kutoka kwapani hadi chini, kabla ya kugundua kwamba sindano haina uzi.

Aprili 17

Sijaonja. Nimesema kichwa kinauma.

Aprili 18

Kichwa.

Aprili 19

Mvua na kichwa. Amenikunjia vitambaa vyote, safari hii vizuri. Sijasema ahsante.

Aprili 20

Binti yetu kaja, na nilijua kaitwa.

"Mama, baba anasema umenuna."

"Sijanuna."

"Umemwekea sahani, nimeisikia kutoka nje."

"Sahani ni nzito."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika vitambaa kama anachagua. "Mama, wiki mbili zimebaki. Akienda kule bila wewe ataanguka mbele ya watu. Kama amekukosea mwambie, akuombe radhi, muendelee. Hata hajui kosa lake. Ananiuliza mimi."

Alipoondoka nilimwita Kijiko. Nilimwambia akae pale alipokuwa binti yetu. Nikapima maji kwenye glasi, nikaponda tangawizi, nikakamua ndimu, asali, chembe ya chumvi. Nikafunika kwa kisahani, nikaweka mbele yake. 

Alikitazama kile kisahani muda mrefu. Hakuhitaji kuonja, na asingeweza. Nikaona jambo linamwingia, kidogo kidogo, mpaka likafika machoni.

"Nahodha," akasema.

"Nahodha gani? Hakuna nahodha. Umenivisha kofia na kidole kilichopinda, umenipandisha meli, umenizamisha. Watu wamesifu mkono wangu miaka yote hiyo, mimi niko hapa natia vifungo. Kila mtu ana kinywaji chake pale kwako. Mhasibu anacho. Dada wa simu anacho. Mpaka umeme uliokatika unacho. Mimi peke yangu ndiye sina."

Aliinamisha kichwa. Kisha akasimulia, na safari hii hakunyooka wala hakushusha sauti.

Ilikuwa mwaka wetu wa pili. Usiku mmoja alitoka kazini mara moja kuifuata kofia aliyoisahau nyumbani, akaikuta glasi mezani hajainywa, akaimimina kwenye chupa akaondoka nayo. Kule kaunta mgeni mmoja tumbo lilikuwa linamsokota. Hakuna kilichokuwa kikimkalia. Akampa ile ya kwenye chupa, na tone la ramu la kuitia moyo. Mgeni akatulia, akataka nyingine, akamuuliza amejifunza wapi. "Nilikuwa kijana," mume wangu akasema. "Wenzangu wamesimama pale. Nikaona haya kusema nimekitoa nyumbani, ameniachia mke wangu. Nikasema nahodha. Uongo ukishauzaa, inabidi uulee. Wiki iliyofuata wakaniuliza alikuwaje, nikampa kidole."

"Ungeweza kuja kuniambia."

"Ningekwambiaje? Kila siku iliyopita, deni lilikua. Na ulikuwa umelala."

"Sikuwa nimelala."

Akanitazama.

"Hata siku moja," nikasema. "Nilikuwa nasubiri glasi irudi kwenye kisahani."

Mvua ilikuwa imepungua, tukawa tunasikia maji ya mchirizi. Nilikuwa bado na hasira, lakini ilikuwa imeanza kulegea, nikatafuta pa kuishikia tena. "Na huyo nahodha wako," nikasema, "alikuwa hana hata mke?"

"Alikuwa naye." Akasema taratibu. "Wateja wakongwe wanaijua hiyo sehemu, siisimulii kwa kila mtu. Alikuwa na mke nchi kavu. Nahodha alikuwa akisema mabandari yote ameyaona, na katika yote hakuna taa aliyoifurahia kuikuta inawaka kuliko ile ya mezani kwake, yenye glasi pembeni. Hapo huwa nasimama kidogo. Kuna watu huwa wananunua ya pili hapo."

Nilitaka kumtupia kijiti cha kupimia. Badala yake nikalia, na hakukuwa na pilipili ya kusingizia.

Aprili 21

Tumerudi kazini. Nahodha mara nne. Ramu imepunguzwa, koti lilikuwa kubwa.

Aprili 27

Amenifundisha, nami nimemfundisha. Siku ya kufungua baa nitakaa kiti cha mwisho cha kaunta na tepu yangu ya kupimia shingoni, kama fundi aliyetoka kazini. Glasi ya kwanza atanipa mimi, ni heshima, hakuna atakayeshangaa. Nikivuta ncha ya kushoto, ndimu imezidi. Ya kulia, asali imezidi. Nikishika zote mbili, maji yamezidi. Nikiiacha, mambo sawa. Tumefanya mazoezi mpaka nacheka mwenyewe barabarani nikigusa shingo.

Mei 1

Jua. Wamepaka rangi mpya hoteli, inaonekana kutoka sokoni.

Mei 3

Nimeingia baa leo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na gauni la buluu nililojishonea mwaka ule wa ubarikio wa binti yetu. Nilidhani nitauchukia ule ubao. Ni mzuri. Pale anaposimama mume wangu pamelika kidogo ukingoni, kwa sababu ya mkono wake. Niliweka kiganja pale, nikamsalimia mke mwenza wangu kimoyomoyo.

Meneja ni kijana mpole, viatu vyake safi, ananiita mama. Wachanganyaji walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa mwanamke kijana anayehudumu pale tangu mwaka jana, mikono myepesi, kinywaji chake kilinuka mnanaa mpaka kwangu. Wa pili sikumzingatia. Kisha Kijiko.

Alikuwa hodari. Aliponda, alikamua, alitikisa, na watu waliokuwa wakiongea wakaacha. Vikopo vya viungo walikuwa wamevinunua vipya, vyote vya bati moja, vimepangwa upya kwa ajili ya kupendeza. Mkono wake haukutazama. Ulikwenda pale ulikokwenda miaka yote, ukachota chembe, ukatia. Akamimina glasi mbili. Moja akaiweka mbele yangu, moja mbele ya meneja.

Nikaonja. Ile chembe ilikuwa sukari.

Mkono wangu ukaenda kwenye tepu ukakwama. Kushoto ni ndimu, kulia ni asali. Chumvi hatukuiwekea alama, kwa sababu chumvi haikuwahi kukosewa hata siku moja. Nilimtazama. Alikuwa ananitazama na uso uliotulia kabisa, akisubiri. Hakuwa na namna ya kujua. Meneja alikuwa ameshainua glasi.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Kinywaji hakikuwa kibaya. Kilikuwa maji matamu ya tangawizi tu, yenye jina kubwa. Lakini kingeonjwa hivyo, na watu wangesema basi hiki ndicho Nahodha, na yeye angesimama pale akitabasamu bila kujua. Hilo sikuliweza.

"Subiri, mwanangu," nikasema.

Nikashuka kwenye kiti, nikapita nyuma ya kaunta. Nikafungua vikopo nikionja kwa ncha ya kidole mpaka nikaipata. Nikaichukua glasi mkononi mwa meneja, nikaimwaga, nikatengeneza upya. Nilitia chumvi.   Nikamsogezea.

Alikunywa, akanywa tena. "Mzee," akamwambia mume wangu, "sijaelewa."

Mume wangu akachomoa kijiko mfukoni, akakilaza juu ya mbao. "Ulimi wangu haufanyi kazi," akasema, "tangu kabla ya mvua. Nilitaka kukuficha. Sikuona kopo limebadilishwa."

"Na hiki kinywaji? Wanasema ulifundishwa na nahodha fulani."

Nikamwona akianza kunyooka, kwa mazoea, macho yakianza kwenda mbali. Kisha yakarudi, yakaja mpaka kwangu.

"Nahodha ni huyo hapo," akasema. "Ameshika chumvi."

Meneja alizungumza naye pembeni, kwa heshima, hata nikashindwa kumchukia. Kaunta inahitaji ulimi, ndivyo alivyosema, na ni kweli. Ukuu wa kaunta umekwenda kwa yule binti wa mnanaa. Kijiko alimpa mkono, kisha akampa kijiko chake. Wameomba Nahodha abaki kwenye orodha yao. Nimewaambia wakiuze, ila wasiseme kimetoka baharini.

Tumerudi kwa miguu. Karibu na nyumbani alijigusa mfuko wa shati, akaukuta mtupu, akaniuliza kama nimechoka.

Mei 4

Leo jioni jua lilikuwa bado halijazama vizuri, naye yupo kwenye kiti cha wateja, hana pa kwenda. Inaniuma kumwona, na ninafurahi kumwona, vyote kwa pamoja, na sitachagua.

Nikaenda kwenye meza nikamtengenezea glasi yake. Nikaponda, nikakamua, nikatia asali kwenye maji.  Nikafunika kwa kisahani, nikampelekea. Akafunua, akanipa kisahani, akanywa kama mtu anayekunywa maji, akairudisha glasi.

"Leo hujatia chumvi," akasema.

"Umeonja?"

"Hapana." Akatikisa kichwa. "Nilikuwa nakutazama. Mkono wako haukwenda kwenye kopo."

Kweli, nilikuwa nimesahau. Nikasimama pale na kisahani mkononi.

"Miaka yote niliikuta imeshafunikwa," akasema. "Sikuwahi kukuona ukiitengeneza."

Nikaichukua ile glasi, nikarudi mezani, nikavuta kopo la chumvi. Nikasogea pembeni kidogo ya taa, ili aone vizuri.